Mlezi Alipokimbia, Mtoto Akaanguka

Fungueni Biblia zenu, ndugu zangu wa Bomani hapa Tarime, kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 4, mstari wa 4. Ni mstari mmoja tu, umebanwa katikati ya habari za wakubwa wanaouana, na wengi wetu huupita mbio. Habari imefika kutoka Yezreeli: Sauli amekufa vitani, na Yonathani mwanawe amekufa. Nyumbani kwa Yonathani kuna mtoto wa kiume wa miaka 5. Mlezi wake anamnyakua, anatoka mbio, na katika haraka ile mtoto anamponyoka. Anaanguka. Tangu siku hiyo ni kiwete wa miguu yote miwili. Jina lake Mefiboshethi.

Wafilisti hawakumgusa. Mchawi hakumloga. Ukoo wa adui haukumvizia njiani. Mikono iliyombeba ndiyo iliyomwangusha, na mikono ile ilikuwa ikimpenda!

Nina neno kwa walioangushwa, na nina neno kwenu mnaobeba. Nina neno pia kwa kanisa, na hilo halitakuwa tamu, maana tumezoea kusimama madhabahuni tukitangaza kwamba Mungu ni Baba, bila kumwuliza anayetusikiliza: wewe, baba yako alikuwa nani kwako?

Nendeni sasa Zaburi ya 22, mstari wa 9 na wa 10. Daudi anamwambia Mungu kwamba alianza kumtumaini akiwa bado matitini mwa mama yake. Someni wenyewe. Shujaa aliyeua simba na dubu, imani yake anaianzia wapi? Anaianzia kwenye titi! Kabla ya katekisimu, kabla ya shule ya Sabato, kabla ya kwaya ya watoto, kabla hajaweza kutamka hata neno mama, tayari somo lilikuwa linaingia. Mtoto ana njaa, analia, mtu anakuja. Amelowa, analia, mtu anakuja. Usiku ameshtuka usingizini, analia, mkono unampapasa gizani. Hayo yakirudiwa siku baada ya siku, mtoto anabaki na jambo moja analolijua mwilini mwake: nikilia, yupo anayesikia. Mwenzake wa nyumba ya pili analia, hakuna anayekuja, naye anajifunza. Wa nyumba ya tatu analia, anakuja mtu na fimbo. Huyo naye amefundishwa. Miaka 20 baadaye wote watatu wanapiga magoti kwenye benchi moja na kufumba macho. Mnadhani wanamwona Mungu kwa sura moja?

Najua yupo atakayenung'unika kwamba mchungaji ametuletea mambo ya Wazungu. Ngoja nikwambie yalikochimbuliwa. London kulikuwa na daktari wa akili aliyeitwa John Bowlby, aliyezaliwa mwaka 1907 katika nyumba ya daktari mpasuaji mwenye cheo. Alilelewa na mayaya, na yaya aliyempenda kuliko wote aliondoka yeye akiwa na miaka kama 4. Baba na mama wapo, chakula kipo, nyumba ni kubwa, lakini aliyekuwa anamkumbatia hayupo. Kidonda kile alikibeba hadi utu uzima, na ndiye aliyeueleza ulimwengu wa tiba kwamba mtoto anamhitaji mtu wake kama anavyohitaji maziwa. Lakini aliyekwenda kulitazama jambo hilo nyumba kwa nyumba ni mwanamke, Mary Ainsworth, na hakuanzia Ulaya. Alianzia Uganda! Mwaka 1954 na 1955, katika vijiji vya Waganda karibu na Kampala, aliwatembelea akina mama 26 na watoto wao 28, akikaa sebuleni mwao na kutazama. Aliona mtoto anatambaa kwenda mbali, anageuka, anamwona mama yupo, anaendelea. Mama akitoka nje, mchezo unakwisha. Akaona pia watoto ambao hawakutulia hata wakiwa wamepakatwa. Kitabu chake juu ya watoto hao kilitoka mwaka 1967. Kwa hiyo elimu inayofundishwa leo katika vyuo vikuu vya Marekani ilianza kukusanywa upande wa pili wa ziwa letu, kwa watu wanaokula ndizi kama sisi.

Wala msiniambie watoto wetu ni wa ukoo mzima, hawana mtu mmoja. Wanabebwa na wengi, kweli, na ni baraka. Ndugu zetu Wakisii ng'ambo ya mpaka wa Sirari, ambao lugha yao na yetu ni za tumbo moja, walichunguzwa nao, na matokeo yaliyotolewa mwaka 1986 yalionyesha kwamba mtoto wa Kisii ameshikamana na mama yake, na ameshikamana pia na yule dada mdogo anayembeba mama akiwa shambani. Migongo miwili au mitatu haina ubaya. Ubaya uko kwenye mgongo unaoondoka na usirudi, na kwenye mgongo unaorudi na hasira.

Sasa tuje nyumbani.

Yupo mzee wa kanisa, kila mtu anamheshimu. Anawahi ibada, anatoa zaka, tofali zake ziko kwenye ukuta huu. Mwombe afunge ibada kwa sala: ataombea mvua, ataombea Rais, ataombea wagonjwa wote wa hospitali ya wilaya na walioko safarini. Hatajiombea. Hata siku alipomzika mwanawe hakujiombea. Kwa nini? Tangu anajikongoja, kila alipolia aliulizwa kama yeye ni msichana. Kisha akapelekwa jandoni, akaambiwa ukipepesa jicho umeuaibisha ukoo. Mura halii, mwanamume halii! Akajifunza kuumia bila kumwambia mtu. Leo anamwendea Mungu kama askari anavyomwendea jenerali: anapiga saluti, anapokea amri, anageuka nyuma. Kifua cha Mungu hajawahi kukilalia, na ukimwambia kipo atakuona umelegea kiimani.

Yupo dada. Mama yake alikuwa mpole Jumatatu, mkali Jumanne, Jumatano hayupo, amekwenda Sirari kwenye biashara na hakuaga. Dada huyu ameokoka, anampenda Yesu kwa machozi, ila hatulii. Ijumaa yuko kwenye mkesha, Jumamosi yuko kwa nabii mwingine, Jumapili jioni ana chupa ya mafuta ya upako kwenye pochi. Maombi yakijibiwa anarukaruka. Yakichelewa wiki mbili, Mungu ameniacha. Na hapa nawageukia wahubiri wenzangu. Sisi tunamjua sana dada huyu. Wapo kati yetu wanaokula kwa hofu yake! Wanampa unabii nusu leo, nusu wiki ijayo, aje tena na sadaka. Mtoto aliyeogopa kuachwa amekuwa mteja. Bwana atatudai damu hiyo.

Na yupo binti. Hapa naomba msinisikilize kwa haraka.

Ni Desemba, shule zimefungwa, wazee wa mila wamekubaliana, ngoma zinasikika kutoka mlimani. Binti wa miaka 11 au 12 amesikia maneno usiku kupitia ukutani: ng'ombe wametajwa, siku ya kukeketwa imetajwa. Alfajiri anatoka bila viatu. Anakimbilia Masanga, kwenye kituo cha masista wanaowapokea mabinti kama yeye. Au kama ni wa upande wa Serengeti, anakimbilia Mugumu, kwenye nyumba salama iliyofunguliwa mwaka 2014 chini ya Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana. Anapokelewa. Anapewa uji na blanketi. Asubuhi kuna ibada, na mtu mwenye nia njema kabisa anasema, tusimame tusali sala ya Bwana. Wote wanaanza kwa kumwita Mungu Baba.

Baba! Baba yupi? Yule aliyepokea ahadi ya ng'ombe? Yule anayezunguka kijijini na panga akimtafuta? Binti anafungua kinywa na neno halitoki. Basi amwite Mungu mama? Mama aliyemfunga mgongoni kwa kanga tangu akiwa mchanga, aliyemnyonyesha, ndiye aliyekubali kumshika miguu mbele ya ngariba. Pa kukimbilia na pa kukimbia pamekuwa mahali pamoja. Wanaochunguza watoto wanasema hali hiyo ndiyo ngumu kuliko zote: anayekutisha ndiye huyo huyo uliyezoea kumkimbilia akutulize. Mtoto anasogea na kurudi nyuma, kisha anaganda. Mtazame miaka 10 baadaye kanisani kwetu. Anakuja mbele wakati wa wito, anafika katikati ya njia, anarudi kukaa. Tunasema ana mapepo. Tunamwekea mikono kwa kelele, tunamtikisa kichwa, na mwili wake unakumbuka mikono mingine.

Utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulisema kati ya wanawake 100 wa mkoa wetu wa Mara wenye miaka 15 hadi 49, 32 wamekeketwa. Ule wa 2022 ukasema 28. Mungu ashukuriwe kwa kushuka. Lakini hesabuni benchi zenu Jumapili hii, akina mama kwa mabinti, mwone 28 katika 100 ni watu wangapi! Na sheria ya kumlinda msichana aliye chini ya miaka 18 ipo tangu 1998, yenye kifungo cha miaka 5 hadi 15. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hakujua.

Mama, nasema nawe sasa. Namkumbuka mlezi wa Mefiboshethi, na sikuhukumu kabla ya kumtazama yule. Naye alikuwa anaokoa. Umeniambia, mchungaji, asipokeketwa nani atamwoa, wenzake watamcheka kisimani, mahari itashuka, baba yake atanipiga. Nimekusikia. Najua mkoa huu mwanamke anapigwa kweli, najua na wewe ulikuwa mtoto uliyeshikwa miguu. Nia yako ninaiona. Miguu ya mtoto haijali nia. Akianguka, ameanguka.

Na nyinyi akina baba, mliokaa kimya huku nikimsema mama, mkidhani leo mmepona! Sauti ya kwanza ya kiume anayoisikia mtoto ni yako. Ukiingia ndani watoto wakanyamaza na kutawanyika, ukafurahi na kusema hapa nyumbani nina heshima, ujue umewahubiria. Umewaambia kwamba mwenye mamlaka akifika, wadogo hujificha. Adamu alijificha baada ya dhambi; wako wanajificha kabla! Kisha unataka wafike kanisani wamwamini Baba anayetoka mbio kumlaki mwana aliyepotea. Wamjue wapi? Luka 15 watailinganisha na nani? Yesu mwenyewe, alipotaka kuwaonyesha watu wema wa Mungu katika Luka 11, aliwauliza kama kuna baba ambaye mwanawe akimwomba samaki atampa nyoka. Aliuliza akiwa na hakika ya jibu. Leo hapa Tarime angeuliza, kuna watoto wangekaa kimya.

Sasa geukeni mnisikilize mlioangushwa, maana bado sijafika kwenye Injili.

Mtu asitoke hapa akisema, basi mimi nimekwisha, mama alinitupa, baba alinipiga, Mungu siwezi kumjua. Hapana! Wapo wachunguzi waliolifuata jambo hili miaka mingi, Lee Kirkpatrick wa Marekani na Pehr Granqvist wa Sweden, nao walikuta njia mbili. Waliolelewa kwa upendo mara nyingi humpokea Mungu wa wazazi wao polepole, wala hawakumbuki siku. Lakini waliolelewa kwa ukame, baadhi yao humfikia Mungu ghafla, katika msiba, katika ndoa iliyovunjika, katika ugonjwa, na wanapata kwake yule ambaye hawakuwa naye. Watafiti wakaliandika kama jambo jipya! Zaburi ya 27, mstari wa 10, ilikuwa imeshasema: baba na mama wakiniacha, Bwana ananipokea. Kwa hiyo wewe uliyeokoka uwanjani kwenye mkutano wa hadhara, ukilia mbele za watu, usione haya mbele ya wale waliozaliwa kanisani. Umeingia kwa mlango uliokuwa wako.

Ila nikuonye. Umeokoka, na mazoea ya kuangushwa bado yamo mwilini. Miezi miwili baada ya ubatizo utaamka usiku ukiwa na hakika kwamba Mungu amekugeuzia kisogo. Usiisadiki hofu hiyo ya usiku. Anayekugeuzia kisogo pale ni yule aliyekuangusha zamani, umempa Mungu sura yake. Mwambie Mungu hivyo hivyo: Bwana, nakuogopa kwa makosa ya mtu mwingine. Sala hiyo haina dharau. Ayubu alisema makali kuliko hayo na Mungu akamtetea.

Tena twendeni msalabani, mlione jambo hili. Bwana Yesu akiwa ametundikwa, Mathayo 27, analia akiuliza kwa nini Mungu amemwacha. Kilio hicho ni mwanzo wa zaburi ipi? Ni ile ile ya 22! Zaburi inayoanza kwa kuachwa, na mistari michache mbele inafika matitini mwa mama. Na chini ya msalaba amesimama nani? Yohana 19: mama yake. Aliyemnyonyesha yupo, hakukimbia. Mwana wa Mungu aliingia mahali pale pa kuachwa, akalia kilio chako wewe uliyelia usiku bila mtu kuja. Na akiwa katika maumivu yale, anamkabidhi mama yake kwa mwanafunzi, na mwanafunzi kwa mama yake, na tangu saa hiyo Yohana anamchukua nyumbani kwake. Damu ya ukoo haikuwaunganisha wale wawili. Msalaba ndio uliowaunganisha. Nani kati yenu atathubutu tena kusema, yule si mtoto wa ukoo wetu?

Turudi kwa Mefiboshethi, maana hatukummaliza. Sura ya 9. Miaka imepita, Daudi ni mfalme, anauliza kama yupo aliyebaki wa nyumba ya Sauli amtendee wema kwa ajili ya Yonathani. Anaambiwa yupo mmoja, kiwete, anakaa Lo-debari, nyumbani kwa Makiri. Analetwa. Anaanguka kifudifudi, na mfalme, baada ya kumwita kwa jina, kwanza anamwambia asiogope. Kwa nini alianza na hilo? Kwa sababu alimwona anatetemeka! Aliyeangushwa utotoni anatetemeka hata mbele ya anayempenda. Anajiita mbwa mfu. Daudi habishani naye juu ya jina hilo. Anaamuru tu kwamba mtu huyu atakula mezani pake siku zote, kama mmoja wa wana wa mfalme.

Na sura inafungwa kwa kutuambia kwamba alikula mezani pa mfalme daima, naye alikuwa kiwete wa miguu yote miwili. Hakuponywa! Tumezoea ushuhuda wa mtu aliyetupa magongo jukwaani. Huyu magongo yake yaliegemezwa kwenye meza ya mfalme. Ndugu yangu unayeshindwa kutulia katika maombi, mwenye hofu isiyoisha, unayeganda ukiguswa: kaa mezani na miguu yako hiyo hiyo. Hujaambiwa upone kwanza ndipo ule.

Lakini kabla ya Daudi kulikuwa na Makiri, na huyu ndiye ninayelitaka kanisa la Bomani liwe. Hakuwa mfalme. Alikuwa mtu mwenye nyumba tu, huko Lo-debari, akamweka mtoto wa nyumba iliyoanguka, mtoto ambaye kumweka kungeweza kumletea matata. Mugumu tunaye wa namna hiyo. Rhobi Samwelly alikeketwa akiwa na miaka 13, akatokwa damu nusura afe, na leo ndiye anayewafungulia mlango mabinti wanaokimbia. Masanga masista wanafanya hivyo kila msimu, wanawaita wazazi, wanawaketisha, wanawaandikisha kwamba hawatamkeketa, na yule ambaye wazazi wake wamekataa anabaki na kusoma. Sisi tunafanya nini? Tunapeleka sabuni mara moja kwa mwaka na kupiga picha! Binti hahitaji sabuni tu. Anahitaji mtu yule yule Jumapili hii na Jumapili ijayo, mama mmoja wa kanisa anayekumbuka jina lake na mtihani wake, mzee mmoja ambaye akisema nitakuja Jumamosi anafika Jumamosi. Kwa watu wa namna hiyo atajifunza tena kumwita Mungu Baba. Msimlazimishe. Asali kwa jina lolote analoliweza hadi siku hiyo.

Na nyumbani anzeni leo. Mtoto akilia, nenda. Ukimpiga kwa hasira, rudi umwombe radhi. Mzee wangu, hutapungua. Baba uliyeko machimboni Nyamongo, ukisema utarudi mwisho wa mwezi, rudi mwisho wa mwezi, au piga simu uongee naye mwenyewe, usiongee na mama yake tu. Mwaka 2023 Serikali ilizuia bweni kwa watoto walio chini ya darasa la tano, na wapo waliolalamika, wengine wazee wa kanisa. Mnalalamika nini? Mmerudishiwa watoto wa miaka 6, mmepewa miaka minne zaidi ya kuwalaza na kuwaamsha, na mnaona mmepata hasara!

Msimu wa Desemba unakuja. Ukijua binti aliyepangiwa siku, usisubiri kufunga na kumwombea. Nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, au piga 116, ambayo ni bure, au mchukue mwenyewe umfikishe Masanga. Na ukishamfikisha, rudi umtembelee.